Boti inadundadunda ukikimbiza kwenda Mbudya

Kaka, umeuliza kwa nini pua ya boti yako inadundadunda ikifika noti 35 kuelekea kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, na kama uongeze moto ipite juu ya mawimbi. Usiongeze! Umeinua injini mno. Ishushe kwa trimu (kitufe cha kuinua na kushusha injini) kidogo kidogo hadi pua itulie. Isipotulia, punguza mwendo, sogeza mizigo mbele. Ila usiishushe yote ukiwa kasi: pua itachimba maji, boti igeuke ghafla na kurusha watu nje.

Raha yake naielewa, lakini noti 35 ni karibu kilomita 65 kwa saa na majini hakuna breki. Kamba ya kuzimia injini ifunge mguuni kabla hujawasha, hata safari fupi. Nahodha akirushwa bila kamba hiyo, boti huweza kuzunguka yenyewe ikamrudia na pangaboi.

Abiria wasikae puani, kishindo cha wimbi huweza kuvunja uti wa mgongo. Maboya wayavae, yasikae chini ya kiti. Msimu wa upepo wa kusi toka asubuhi, na maji yakipwa kaa mbali na miamba ya kisiwa cha Bongoyo.