Re: Kikundi cha kujitolea kuishauri zimamoto ya jiji kianzie wapi?

Umeuliza kikundi chenu kipeleke nini kwenye kikao na zimamoto. Pelekeni vipimo, malalamiko yasubiri. Piteni mtaa kwa mtaa na futi ya kupimia, mpime upana wa njia. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, lakini njia ya mita 3 bado inabana, kwa sababu milango ya pembeni lazima ifunguke ili mipira ya maji itolewe. Pimeni usiku, magari yakiwa yameegeshwa. Vipimo vya mchana hudanganya.

Haidranti, yaani mdomo wa bomba la mtaani ambako zimamoto huchukua maji, andikeni ilipo na kama imefukiwa. Msiifungue wenyewe: ikifungwa ghafla, msukumo wa maji unaweza kupasua bomba.

Iombeni zimamoto pia takwimu za muda wa kufika kwenye moto, ukitenganishwa: kupokea simu, kutoka kituoni, safari. Msikubali wastani peke yake, maana huficha mitaa inayochelewa kufikiwa.