Kuunganisha tovuti za vitivo: anzeni na orodha

Ndugu, umeuliza muanze na muonekano au maudhui mnapounganisha tovuti za vitivo, maktaba na idara ziwe moja. Anzeni na orodha: kila ukurasa, nani anaumiliki, lini uliguswa mara ya mwisho. Mtakuta ada ya kozi moja imeandikwa mahali patatu, kila mahali kiasi chake, na mwombaji hajui aamini kipi. Hapo ndipo penye kazi. Rangi na nembo zitafuata.

Ninalosisitiza zaidi: msiue anwani za zamani. Kila moja ielekezwe kwenye ukurasa wake mpya kwa msimbo wa 301 (unaokiambia kivinjari kuwa ukurasa umehama kabisa), zisirundikwe zote ukurasa wa mwanzo. Google inashauri maelekezo hayo yabaki angalau mwaka 1. Mimi ningeyaacha daima, maana makala za watafiti zimezinukuu anwani hizo na hazitahaririwa tena. Nimewahi kufungua tasnifu, nikabofya kiungo cha data, nikakuta 404, yaani ukurasa haupatikani. Inauma.

Maabara zenye mifumo yake zibaki kwenye anwani ndogo (subdomain) chini ya anwani kuu ya chuo, mradi menyu ya juu na kisanduku cha kutafuta viwe vya pamoja.