Jibu: Maneno ya Kiingereza kwenye mkataba wa mkopo
Mkuu uliyeko Newala, umeuliza "outstanding principal" kwenye mkataba wako ndo nini, mbona kamusi inakupa bora na mwalimu mkuu. Kwenye pesa maneno yanageuka kabisa: principal ni ile hela yenyewe uliyokopa bila riba, outstanding ni ambayo bado hujalipa, kwa hiyo ni deni la msingi lililobaki. Security nayo sio mlinzi, ni dhamana, yaani hilo shamba lako la mikorosho.

Ila nakuomba sana angalia wameandika flat rate au reducing balance, hapo ndo watu wanaumia. Chukua milioni 1, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, flat wanapiga riba kwenye milioni nzima kila mwezi hata kama ushalipa nusu, inafika 240,000, ile nyingine wanapiga kwenye deni lililobaki tu, na ukiwa unapunguza deni la msingi sawasawa kila mwezi riba yote inakuja 130,000. Shemeji yangu hapa Masasi alisaini bila kuuliza, hela ya korosho msimu mzima ikaishia kwenye marejesho, iliniuma mno.

Default ni kushindwa kulipa, hicho kipengele kisome mara mbili kabla hujasaini.