Kuwa na mtu ndani

Mhariri, mmeuliza wiki hii ni filamu gani ya vijana iliyozua mazungumzo nyumbani. Kwetu ilizua ukimya kwanza.

Ni ya Tunisia, À peine j'ouvre les yeux, ya mwaka 2015, filamu ndefu ya kwanza ya Leyla Bouzid. Farah ana miaka 18, amefaulu mtihani wa kumaliza sekondari, na nyumbani wanataka asomee udaktari. Yeye anataka kuimba na bendi yake. Ni kiangazi cha 2010, miezi michache kabla mchuuzi Bouazizi hajajichoma moto kule Sidi Bouzid na kuwasha mapinduzi, na nyimbo zao zinasema kwa sauti yale ambayo watu chini ya rais Ben Ali waliyanong'ona. Muziki ni wa Khyam Allami, mpiga udi. Mliolelewa na taarabu mtautambua udi huo katikati ya magitaa ya umeme.

Wengi huiita filamu ya binti mkaidi. Mimi nilimwangalia mama, Hayet, anayechezwa na mwimbaji Ghalia Benali. Hagombi kwa kutomwelewa mwanawe. Anamwelewa mno, maana naye ujanani hakuwa mpole. Baba yuko kazini mbali, mjini Gafsa, hapati uhamisho kwa kuwa amekataa kadi ya chama tawala. (Wa rika langu hamhitaji kufafanuliwa.) Anayemwonya Hayet kuhusu Farah ni Moncef, mtu aliyejuana naye zamani, siku hizi yuko upande wa wizara ya mambo ya ndani. Kisha Farah anatoweka kwenye kituo cha mabasi, kumbe amekamatwa na polisi, na mama, baada ya kuhangaika huku na kule, anaishia kwa Moncef huyohuyo.

Hapo chai yangu ilipoa. Binti anatoka, ameumizwa, lakini anatoka, kwa kuwa mama yake ana mtu ndani ya serikali. Aliyekamatwa siku ileile, ambaye mama yake anauza mboga na hamjui yeyote, hatumwoni.

Miaka kadhaa nyuma mdogo wangu alikamatwa usiku akitoka kupiga kinanda harusini, yeye na wenzake wawili. Kosa lenyewe hatukulijua hadi leo. Nilipiga simu moja tu, kwa mtu, na kabla ya adhuhuri alikuwa mezani kwangu anakula chapati. Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, tena kwa majivuno.

Mwishoni mwa filamu Hayet anamsihi Farah aimbe, na sauti haitoki, hadi mama mwenyewe anapoanza kumwimbia. Mwanangu, naye anapiga gitaa, aliangalia mpaka majina yakaisha kupita. Ndipo akaniuliza: "Mama, na wale wawili wa Anko, nani aliwatoa?"

Nilimwambia walikaa siku nne. Nani aliwatoa, sikuwahi kuuliza.