Fundi, huu mchezo wa Dota una nini hasa?

SWALI
Habari yako, Fundi. Mimi ni mwalimu huku Mbale. Mdogo wangu yuko chuoni Kampala, mwaka wa pili, na kila likizo akija nyumbani anakesha kwenye kompyuta akicheza Dota 2. Anasema duniani hakuna mchezo unaoufikia. Likizo iliyopita nilijaribu siku tatu. Sikuelewa kitu, nilikufa ovyo, na watu nisiowajua wakanitukana mpaka nikazima kompyuta. Niambie ukweli: sifa za mchezo huu ni za haki, au watu wanafuata mkumbo tu? Halafu anasema eti siku moja mchezo huu utamlipa.
Mwalimu, Mbale

JIBU
Mwalimu, pole. Matusi hayo nayajua. Kwa miaka sita nilikuwa na chumba cha kompyuta Wandegeya, Kampala, mashine nane, shilingi 1,000 kwa saa, na vijana wangu walijua Kirusi cha matusi, walichokisikia kwa Warusi wa mtandaoni, kabla hawajajua Kirusi cha salamu.

Jibu langu ni ndiyo, sifa ni za haki. Ila wewe ulipitia mlango usio wenyewe.

Mchezo huu haukuanzia kwenye matangazo. Mwaka 2003 mchezaji mmoja alitengeneza ramani yake ndani ya mchezo mwingine, Warcraft III, akaiachia watu bure. Wengine wakaipokea, wakairekebisha, ikatembea mkono kwa mkono miaka na miaka. League of Legends ya 2009 imetoka kwenye mbegu hiyo hiyo, na hata Mobile Legends ambayo wanafunzi wako wanaichezea chini ya dawati. Kampuni ya Valve walipoitoa rasmi Dota 2 Julai 2013, kwangu ililetwa na wanafunzi wawili ndani ya diski ya nje, kwa sababu kuipakua kwa intaneti yangu ya wakati ule kungechukua wiki. Machi 2016 watu zaidi ya 1,290,000 walikuwa ndani yake kwa wakati mmoja. Kitu kibaya hakifiki hapo kwa kupitishwa mkono kwa mkono.

Sasa utamu uko wapi? Watano kwa watano, njia tatu, minara ya kulinda, na nyuma kabisa jengo kuu ambalo likianguka mechi imekwisha. Hayo uliyaona. Ambacho hukukiona ni hiki: kila nusu dakika kila upande unatoa viaskari vinavyotembea vyenyewe, na dhahabu ya kiaskari anaipata yule tu aliyempiga pigo la mwisho. Ukipiga mapema umefanya kazi ya bure. Ukichelewa mwenzako ameshachukua. Halafu kuna uchoyo mtamu kuliko wote: kiaskari wako mwenyewe akikaribia kufa, unaruhusiwa kummaliza wewe ili adui asipate dhahabu hiyo. Pale Wandegeya tuliita "kunyima". Nimeona vijana wawili wazima wamekaza macho dakika kumi, hakuna aliyemgusa mwenzake, wananyimana tu. Mtu anayepita anaona hawafanyi lolote. Mimi nilikuwa nasimama na trei ya chai mpaka inapoa.

Na kingine: pesa haikununulii ushindi. Mashujaa, yaani wahusika unaowaongoza, ni zaidi ya mia na hakuna anayeuzwa. Vinavyouzwa zaidi ni mapambo. Kwa kijana anayetoka kwenye nyumba za kubeti zilizojaa mtaa ule, hilo si dogo.

Lakini, Mwalimu, mchezo huu huwezi kujifunza peke yako. Nimekulia kambini Jinja, baba akiwa mwanajeshi, ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya gwaride. Jioni askari walicheza omweso chini ya mwembe, mashimo 32, kete 64. Hakuna aliyenikalisha kunifundisha. Nilisimama nyuma. Waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa, na kila mmoja alikuwa na la kusema: usile hapo, zungusha huko, we mzee umelala? Baada ya miezi kadhaa mikono yangu ikajua kabla kichwa hakijajua. Dota ni hivyo hivyo. Wewe uliingia uwanjani bila hata mtu mmoja wa kusimama nyuma ya kiti chako, halafu ukawekwa pamoja na wageni wanne ambao kosa lako moja linawaharibia dakika arobaini. Walikosea kutukana, ila hasira yao ina mahali inapotoka. Kwenye mpira ukicheza vibaya timu inapata shida. Hapa kila unapokufa unamtajirisha adui, kwa dhahabu inayohesabika.

Nilikuwa na kijana mmoja mkimya, wa uhandisi. Alipenda nafasi ya tano, yule anayewatumikia wenzake. Siku zile yeye ndiye alikuwa akinunua macho ya kupanda kwenye ramani ili wenzake waone adui anakotokea, kwa dhahabu yake. Alikuwa akimaliza mechi na viatu tu, wenzake wamejaa silaha. Kwa wageni angetukanwa kila usiku. Pale chumbani wenzake walimnunulia rolex kila Ijumaa, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, kwa sababu waliketi bega kwa bega naye na kumwona anavyohangaika.

Usiku mmoja hao watano walikuwa wanashinda, wamebakiza jengo kuu tu. Umeme ukakatika. Jenereta kavu. Mmoja akakimbia na jerikeni hadi kituo cha mafuta, sisi tukabaki gizani tukihesabu dakika, maana ukitoka zaidi ya dakika tano unahesabiwa umewatoroka wenzako. Aliporudi, mashine zikawaka, mechi ilikuwa imeshapotea, na wote watano wamepelekwa kwenye foleni ya watoro, ambako huruhusiwi kurudi mechi za kawaida mpaka ushinde kwanza mechi ulizopangiwa. Walikesha wakizitumikia. Niliwatoza nusu bei. Mchezo hauelewi habari za Kampala, na hilo nalihesabu kama kasoro.

Kuhusu malipo, mdogo wako amesikia habari za kweli lakini za zamani. Mashindano makubwa, The International, yalianza 2011 huko Cologne, Ujerumani, na mabingwa Natus Vincere waliondoka na dola milioni 1. Mwaka 2021 kule Bucharest chungu cha zawadi kilizidi dola milioni 40, na Team Spirit wakabeba zaidi ya milioni 18. Sehemu kubwa ya hela hiyo ilitoka mifukoni mwa wachezaji wenyewe: robo ya mauzo ya Battle Pass, tiketi ya msimu yenye mapambo, ilikuwa inaingia kwenye chungu. Utaratibu ulipobadilishwa, 2023 chungu kilikuwa cha milioni 3 na kidogo. Tena pale kwangu, tukicheza kwenye seva za Ulaya, pingi, yaani muda wa amri yako kufika kwenye seva na kurudi, ilikuwa milisekunde 180 kwenda juu. Za Afrika Kusini zilikuwa na nafuu, ila saa nane usiku unasubiri watu mpaka unasinzia. Amalize digrii.

Akija likizo ijayo, usishike kompyuta siku ya kwanza. Vuta kiti, kaa nyuma yake mechi mbili, na umuulize maswali ya kijinga yote. Siku ya pili akuchagulie Wraith King, ambaye akifa anaweza kufufuka, mcheze na mashine bila wageni. Ukiingia kwa wageni, nyamazisha sauti na maandishi yao mapema, sehemu ya kufanyia hivyo iko kwenye ubao wa alama. Na mpige kijembe kila anapokufa. Wewe ni kaka yake, una ruhusa.