Kumwambia mwenzako ulichokiona darasani

Kamwene Mwalimu. Umeuliza umwambieje mwenzako, tena aliyekutangulia kazini, kwamba kipindi chake hakikueleweka. Usimwambie hivyo. Mwambie ulichokiona, hukumu muachie mwenyewe.

Mimi niko Rungwe, nafundisha hisabati. Juzi nilikaa dawati la nyuma kwenye kipindi cha mwenzangu cha sehemu, dakika 40, mvua inapiga bati hadi sauti haifiki. Nikaandika tu: swali la 3/4 kutoa 1/2, madaftari matatu yaliyo karibu yangu yote yana jibu 2/2. Wametoa juu kwa juu, chini kwa chini! Yeye alikuwa anapewa majibu sahihi na madawati ya mbele, sasa angejuaje? Tulipokaa sikumwambia "hukuzunguka". Nilimuuliza: unadhani hawa wa nyuma walifikaje kwenye 2/2? Akanyamaza, kisha akachukua chaki akaanza kuchora mkate uliokatwa vipande vinne. Kipindi kilichofuata alianzia nyuma.

Ongea naye siku hiyohiyo, wawili tu. Tafadhali sana, isiwe ofisini walimu wote wakiwa wamekaa, wala mbele ya mkuu; mtu mzima ukimkosoa hadharani hasikii neno, anasikia aibu. Anza kwa kumuuliza yeye amekionaje kipindi. Jambo moja linatosha, mengine yasubiri kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Halafu mkaribishe naye aje darasani kwako, na umpe andalio lako la somo mapema.