Barua za Wasomaji: Nani Anampenda Nani Kisiwani Rokkenjima?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Umineko no Naku Koro ni, riwaya ya picha (mchezo wa kompyuta unaosomwa) ya Ryukishi07 na kundi lake la 07th Expansion. Ilitoka kwa sehemu nane kwenye maonyesho ya Comiket huko Japani, ya kwanza Agosti 2007 na ya mwisho Desemba 2010, na katikati mashabiki walikuwa na miezi ya kutosha ya kubishana. Kwa asiyeijua: tarehe 4 Oktoba 1986 ukoo wa Ushiromiya unakutana kisiwani Rokkenjima kuzungumzia urithi, tufani inafunga njia, watu wanauawa mmoja mmoja, na mchawi Beatrice anadai kazi hiyo ni yake. Kijana Battler anakataa kuamini uchawi. Kila sehemu ni mchezo mpya wa siku zilezile mbili.

Tumepanga barua kwa kufuata sehemu. Ukifika pale ulipoishia wewe kucheza, funga ukurasa. Tusilaumiane.

BAADA YA SEHEMU YA 1

*Ndugu mhariri, George anamchumbia Shannon usiku, asubuhi Shannon kauawa. Mapenzi haya yamewekwa ili tulie tu, au yana kazi? — Msomaji, Tanga*

Yana kazi, tena kubwa. Rudi kwenye ghala la bustani, maiti sita zinapopatikana, usome polepole ukiwa na swali moja: nani ameona nini kwa macho yake? George, binamu wa Battler, anataka kumwona mchumba wake Shannon, mtumishi wa nyumba hiyo. Hideyoshi, baba yake, anamzuia, anamwambia asiutazame uso ule, na anamtuliza kwa kumweleza kwamba pete ipo kidoleni. Tukio linaliza kweli, na hapo ndipo wengi wanapopitwa. Battler, ambaye ndiye macho yetu, hasogei kumkagua Shannon. Tulichonacho ni neno la Hideyoshi.

Hatusemi Hideyoshi ni mwongo. Tunasema uchukue daftari, kila kifo ukipe mistari mitatu: aliyeuawa, aliyeona maiti kwa karibu, aliyethibitisha kifo. Mstari wa tatu utajaa jina la daktari Nanjo. Ongeza na mstari wa nne kwa ajili ya mapenzi: nani alizuiwa kuona, na kwa sababu gani ya huruma. Katika riwaya hii huruma ni pazia zuri kuliko giza.

Jambo jingine la kiufundi: sehemu ikiisha, rudi kwenye menyu. Hufunguka karamu ya chai, na baada yake kipande kilichoandikwa alama za kuuliza tupu. Wengi huona majina ya waandaaji yakipita wakazima kompyuta. Waliofanya hivyo kwenye sehemu ya 1 walikosa kabisa mwanzo wa pambano kati ya Battler na Beatrice, halafu wanaingia sehemu ya 2 wakiuliza hawa wawili wanagombania nini.

BAADA YA SEHEMU YA 3

*Aliyemuua Nanjo ni nani? Wote wamekufa, waliobaki wana ushahidi wa kuwa kwingine. Mimi na dada yangu hatusemeshani tangu juzi. — Msomaji, Kisumu*

Kwanza tukumbushane kanuni, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kuanzia sehemu ya 2, maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu ni ya kweli bila kuhitaji ushahidi. Lakini ni kweli kwa maneno yenyewe tu, si kwa unachodhani yanamaanisha. Na Beatrice akikataa kurudia jambo kwa nyekundu, kukataa kwake si jibu. Anaweza kukataa hata lililo kweli ili kukuchanganya.

Sasa yapange. Nyekundu inasema kisiwani hawapo watu zaidi ya 18. Nyekundu inataja waliokufa kwa majina, Shannon na mtumishi mwenzake Kanon wakiwemo. Eva, mama yake George, alikuwa pamoja na Battler. Jessica, binamu wa Battler, ameumia macho, haoni. Kwa hesabu ya kawaida hakuna aliyebaki wa kumuua Nanjo.

Sasa weka hesabu pembeni ufuate mapenzi. Jessica kipofu yuko gizani, na sauti inayomwongoza ni ya Kanon, kijana anayempenda. Watu huipokea kama roho iliyorudi, wanafuta machozi, wanaendelea. Isome tena kama mpelelezi: shahidi asiyeona, anasikia sauti ya mtu ambaye ‘amekufa’, dakika zilezile ambazo daktari anauawa karibu naye. Nani katika kisiwa kile angehitaji Jessica awe salama na Nanjo anyamaze?

Kisha urudi sehemu ya 2. Kule nyekundu inasema Kanon aliuawa ndani ya chumba cha Jessica, lakini maiti haipo chumbani. Ziweke nyekundu hizo mbili ukurasa mmoja. Wewe na dada yako mnabishana kuhusu silaha na milango. Ulizaneni kwanza ‘kufa’ kwa mwenye jina la Kanon kunahitaji nini hasa. Tunaishia hapo kwa sababu hamjamaliza.

BAADA YA SEHEMU YA 4

*Dhambi ya Battler ya miaka sita iliyopita ni ipi? Nadhani ni kumkimbia baba yake mama alipofariki. — Msomaji, Bujumbura*

Hapana. Beatrice mwenyewe anafunga njia hiyo kwa nyekundu: dhambi anayoidai haimhusu Asumu, mama yake Battler. Usichanganye na kitendawili kingine cha sehemu hiyohiyo, pale Battler anapoweza kusema kwa nyekundu kwamba mama yake ni Asumu lakini anashindwa kusema kwamba ndiye aliyemzaa. Hicho kinaelekea kwa Rudolf, baba yake Battler, na Kyrie, mke wake wa pili, na kwa mtoto ambaye Kyrie aliambiwa amezaliwa mfu. Ni dhana nzuri, ila haimtafuti muuaji.

Ya dhambi, hesabu miaka. Ni 1980. Battler ana umri wa miaka 12, mwepesi wa maneno matamu, na kuna ahadi ya kurudi na farasi mweupe. Binamu zake wanamtania kwa maneno yake ya zamani, naye anaona aibu tu. Ukiona mzaha unarudiwa ndani ya Umineko, uandike kwenye daftari. Halafu tafuta ni mtumishi gani aliyekuwepo nyumbani mwaka huo akaichukulia ahadi hiyo kwa uzito.

BAADA YA SEHEMU YA 6

*Nimesoma kwamba Shannon na Kanon ni mtu mmoja. Lakini kanuni za Knox zinakataza mtu kujibadilisha! — Msomaji, Zanzibar*

Soma kanuni yote. Ronald Knox aliandika amri zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na ya kumi inahusu mapacha na watu wanaofanana: wasiingizwe ghafla bila msomaji kuandaliwa. Dlanor, mhusika anayezisimamia kanuni hizo, anaitumia hivyohivyo ndani ya mchezo: kujigeuza kunakatazwa pasipo vidokezo. Palipo na vidokezo, ruksa. Na vidokezo vimejaa tele.

Hesabu ndiyo kubwa. Kinzo, mkuu wa ukoo, alikwisha kufa kabla ya kila mchezo, wakabaki 17. Erika, mpelelezi mgeni, anaingia, anasema yeye ni wa 18. Anajibiwa kwa nyekundu kwamba hata akijiunga nao, wao ni watu 17. Kwa hiyo bila Erika ni 16, na kati ya majina unayoyajua kuna mawili yanayotumia mwili mmoja. Pitia daftari lako la sehemu ya 1 hadi ya 4: Shannon na Kanon hawasimami pamoja mbele ya Battler hata mara moja. Wanaonekana pamoja pale tu ambapo yeye hayupo.

Jaribio la mapenzi la mashetani Zepar na Furfur sasa linasomeka vingine. Shannon na George, Kanon na Jessica, Beatrice na Battler, na jozi moja tu ndiyo itakayopita. Kwa nini moja, kama hawa ni watu mbalimbali? Moyo ni mmoja, umetiwa ahadi tatu. Ndiyo maana mashabiki waliokuwa wakishindania nani aoane na nani, wakachekwa na wapenzi wa mafumbo, walikuwa karibu na jibu kuliko waliochora ramani za milango.

Kosa la kawaida hapa ni kusema ‘kwa hiyo Kanon si wa kweli’. Ukisema hivyo, mapenzi ya Jessica yanakuwa kichekesho na sehemu ya 7 itakupita. Kila jina lina mapenzi yake na kifo chake, na ndiyo sababu nyekundu inaweza kusema Kanon amekufa huku mwili ukiendelea kutembea.

BILA KUTOBOA SIRI

*Anime inatosha? — Msomaji, Muscat*

Haitoshi. Ile katuni ya Studio Deen ya mwaka 2009 ina vipindi 26 na inaishia sehemu ya 4, yaani maswali bila majibu. Cheza mchezo, kwa Kiingereza MangaGamer walitoa sehemu 1–4 mwaka 2016 na 5–8 mwaka 2017, vifurushi viwili tofauti kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, kwa hiyo angalia umenunua vyote. Usitafute jina la mhusika mtandaoni, kisanduku cha utafutaji kitakumalizia hadithi kabla hujabonyeza. Ukimaliza mchezo na bado unataka nia ya muuaji ielezwe waziwazi, soma manga, yaani kitabu cha katuni, ya sehemu ya 8. Mchezo umeliacha sanduku limefungwa kwa makusudi, manga imelifungua, na wako mashabiki ambao hadi leo hawajaisamehe.